USHURU WA MAFUTA: NI NAULI YA KIVUKO AU NI HONGO?

Maneno yaliyosemwa barazani, Buzebazeba, Ujiji

Tumetakiwa tuseme habari ya ushuru wa mafuta, yaani petroli, dizeli na mafuta ya taa, tueleze kama ushuru huo ukiwa mkubwa wamfaa mtu wa kawaida au wamdhuru. Neno hili si geni kwenu. Kila mwaka katika mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha asomapo bajeti Bungeni Dodoma, swali la kwanza watu waulizanalo sokoni ni hili, "Mafuta je?" Na sisi watu wa Kigoma tuna haki ya kuuliza kwa sauti kubwa kuliko wengine. Mafuta yetu hushushwa melini Dar es Salaam, kisha yasafiri zaidi ya kilomita 1,200 hata kufika ziwani, na gharama ya safari hiyo yote imo ndani ya bei. Kwa sababu hiyo, katika orodha ya bei itangazwayo na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mji wetu mara nyingi huonekana pamoja na ile ya bei za juu.

Kabla hatujaingia katika hesabu, twapenda mkumbuke mambo mawili ya zamani ya nchi hii. Misafara iliyotoka Ujiji kwenda Tabora ilikuwa haina budi kuvuka mto Malagarasi. Pale mtu alimlipa mwenye mtumbwi, naye akamvusha. Palikuwa na mabishano mengi juu ya nauli, lakini mtumbwi ulionekana kwa macho, na ng'ambo ilionekana pia. Huko Uha mambo yalikuwa mengine. Msafara ulitoa hongo ya nguo na shanga kwa mkubwa huyu leo, na kesho ukatoa tena kwa mwingine, na ulichopata ni ruhusa ya kupita. Bwana Stanley, aliyefika Ujiji mwaka 1871 akimtafuta Dokta Livingstone, alichoshwa na hongo za Uha hata akauongoza msafara wake usiku kwa siri, nje ya njia, ili asidaiwe tena. Wenye nchi nao walikuwa na hoja yao, maana maji, chakula na njia vilikuwa vyao, wala hawakumwalika. Lakini mfano wenyewe twautaka kwa kazi yetu ya leo.

Ukitaka kuupima ushuru wa mafuta, usianze kuuliza ni shilingi ngapi. Uliza kwanza kama ni nauli au ni hongo. Kisha uliza ni nani alipaye, na kama yeye mwenyewe yumo mtumbwini.

Sasa tutazame mambo yalivyo. Bei ya lita moja ya mafuta ina sehemu nyingi. Iko bei ya mafuta yenyewe katika soko la dunia, ambayo hatuna amri juu yake. Iko gharama ya meli, bandari, na kusafirisha mpaka kwetu, na faida ya wauzaji. Tena uko ushuru, nao ni wa namna mbalimbali. Uko ushuru wa bidhaa, uendao katika hazina kuu ya Serikali. Iko tozo ya barabara, iendayo katika Mfuko wa Barabara. Na iko tozo ya mafuta iliyoanzishwa kwa ajili ya kupeleka umeme vijijini kwa kazi ya REA. Ushuru wote huu hutozwa kwa lita, si kwa bei. Mafuta yapande au yashuke katika soko la dunia, shilingi za ushuru hukaa pale pale mpaka Bunge lizibadilishe.

Jambo hili watu wengi hawalitambui, na laleta lawama isiyo mahali pake. Mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza, petroli ilipita shilingi 3,000 kwa lita hata Dar es Salaam penyewe, na watu walisema, "Serikali imeongeza kodi." Miezi ile haikuwa kodi iliyopanda, bali mafuta yenyewe. Serikali ilifanya kinyume chake: ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia mwezi wa Juni mwaka ule ili kupunguza makali. Basi mtu akilalamikia ushuru, na alalamikie ushuru kweli, kwa miaka ambayo ushuru ndio uliopanda. Nayo ipo, na sasa twaiendea.

Zamani nyumba za pwani hii ya ziwa ziliwashwa kwa mawese na utambi. Mafuta ya taa yalipokuja, yalikuja katika madebe. Mafuta yakaisha, debe likabaki, likawa chombo cha kuchotea maji, likawa bati la paa, likawa kipimo cha mahindi na dagaa, na ni kipimo hata leo. Ziwani nako, wavuvi waliokuwa wakiwasha kuni mbele ya mtumbwi ili kuwavuta dagaa usiku wa giza, walipata karabai, na kazi yao ikageuka. Twathubutu kusema kwamba katika vitu vyote vilivyotoka ng'ambo, hapana kilichoingia ndani ya nyumba ya maskini kama mafuta ya taa. Mwanafunzi alisoma kwayo, mkunga alizalisha kwayo, mvuvi alipata riziki yake kwayo. Kwa muda mrefu Serikali ililitambua hilo, ikayatoza ushuru mdogo sana.

Ukaja mwaka 2011. Katika bajeti ya 2011/12 ushuru wa bidhaa wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 hata shilingi 400.30 kwa lita, yaani zaidi ya mara saba kwa siku moja. Wakati huo huo ule wa dizeli ulipunguzwa kutoka shilingi 314 hata 215. Aliyeketi Buzebazeba na koroboi yake aliona kama dunia imepinduliwa: mwenye lori kapunguziwa, mwenye utambi kaongezewa.

Sababu ilikuwapo, nayo haikuwa ya upuuzi. Dizeli na mafuta ya taa hufanana, na ukichanganya kidogo jicho haliwezi kutambua. Kabla ya mwaka ule tofauti ya ushuru wao ilikuwa shilingi 262 kwa lita. Fanyeni hesabu pamoja nasi. Gari la kubebea mafuta lenye lita 30,000 likitiwa sehemu moja katika tano mafuta ya taa, ni lita 6,000. Zidisha kwa 262, ni shilingi 1,572,000 kwa safari moja, bila jasho. Faida ya namna hiyo humharibu hata mtu aliyelelewa vizuri. Ndipo uchakachuaji ukaenea, na neno lenyewe likaenea kuliko mafuta, hata watu wakasema kura zimechakachuliwa na mitihani imechakachuliwa.

Na aliyeumia kwa uchakachuaji hakuwa tajiri peke yake. Dizeli ina ulainisho ambao pampu ya injini hauna budi kuupata. Mafuta ya taa ni makavu, hula vyuma. Mashine ya kusaga kijijini ikifa pampu, wanawake watwanga tena kwa mchi, au wabeba debe la mahindi kichwani mpaka kijiji cha pili. Lori la dagaa likizimika njiani msimu wa mvua, mzigo waoza. Kwa hiyo wanaosema kwamba ushuru ule ulikuwa ukorofi mtupu, hatukubaliani nao. Tena kupunguzwa kwa ushuru wa dizeli kulimfaa kila mtu alaye ugali wa kusagwa na mashine, hata yule asiyekuwa na gari.

Walakini twaulize ni nani aliyelipa. Wachakachuaji walikuwa watu wachache wenye magari na maghala. Waliotozwa ni kila nyumba yenye koroboi. Tuseme nyumba moja ilitumia nusu lita kwa juma. Hiyo ni lita 26 kwa mwaka, na nyongeza ya shilingi 348.30 kwa lita ni shilingi 9,055 na senti kadha. Kwa mtumishi wa Serikali si neno. Kwa mama auzaye mihogo ni daftari na kalamu za watoto wawili. Sasa njooni ziwani. Tuseme chombo kimoja cha dagaa kina karabai sita, na kila moja yala lita moja na nusu kwa usiku; hizo ni lita tisa. Wakivua usiku ishirini kwa mwezi, maana mwezi ukiwa mkubwa hawaendi, ni lita 180. Nyongeza peke yake ni shilingi 62,694 kwa mwezi kwa chombo kimoja. Fedha hizo zilitoka wapi? Mwenye chombo alizitoa kwanza katika mapato kabla ya mgawo, na mabaharia wakagawana kilichobaki. Zilizosalia zikaingia katika bei ya dagaa, na dagaa ndiyo kitoweo cha mtu asiyeweza kununua nyama wala mgebuka. Basi maskini alilipa mara mbili: taa yake, na sahani yake. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Watasema wengine, "Palikuwa na njia gani nyingine?" Njia ilikuwapo, nayo ilikwisha anzishwa. Mwaka 2010 Serikali ilianza kutia vinasaba katika mafuta, yaani alama isiyoonekana kwa macho, ili wakaguzi waweze kupima katika kila kituo na kumjua aliyechanganya. Njia hiyo yamwadhibu mwenye kosa tu. Lakini yataka wakaguzi wengi, waaminifu, wenye vyombo, tena mpaka vituo vya mbali kama vyetu. Ushuru haulali usingizi wala haupokei rushwa. Siku unapoanza, faida ya mchakachuaji yakatika nchi nzima. Twaielewa kwa nini Serikali ilishika chombo kilichokuwa karibu na mkono. Twasema tu kwamba kilikuwa na makali pande zote mbili.

Jirani zetu wa Kenya walifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 2018 waliweka tozo ya shilingi 18 za Kenya kwa kila lita ya mafuta ya taa, na sababu ilikuwa ile ile, kuzuia kuchanganya. Uchakachuaji ulipungua. Lakini katika mitaa ya maskini ya Nairobi, ambako watu wengi hupikia jiko la mafuta, wengine walirudi kwenye mkaa. Nasi hapa twajua mkaa utokako. Kila mtu aliyepita njia ya Uvinza au Kasulu ameona magunia kandokando ya barabara, na vilima vilivyokuwa na miti siku za baba zake. Ushuru ukimfukuza mtu kutoka kwenye mafuta kabla hajapata kitu bora, haendi mbele, hurudi nyuma.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Leo wengi wenu mna taa za jua nyumbani, na wengine mna umeme. Ziwani nako taa za betri zimechukua mahali pa karabai katika vyombo vingi. Mvuvi huchaji betri yake mchana, usiku huenda kuvua, wala hana haja ya kununua lita tisa. Kwa mtu huyo ushuru wa mafuta ya taa, hata uwe mkubwa namna gani, si kitu tena. Baadhi ya watu husema kwamba ushuru ndio uliomsukuma aziache karabai. Yawezekana ulisaidia. Ila sisi twaona kwamba kilichomvusha hasa ni kushuka kwa bei ya taa hizo mpya madukani. Kama ushuru ungesubiri taa, au kama sehemu ya ushuru ingetumika kumkopesha mvuvi betri ya kwanza, watu wangevuka bila kuumia. Kati ya mwaka 2011 na siku taa zile zilipokuwa rahisi, ilipita miaka kadha, na miaka hiyo mtu wa koroboi alilipa nauli akiwa bado amesimama ukingoni.

Jambo la mwaka 2017 ni gumu zaidi kulitetea. Katika bajeti ya 2017/18 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, na badala yake ikaongeza shilingi 40 katika kila lita ya petroli, ya dizeli, na ya mafuta ya taa. Wenye magari walifurahi, na kwa upande wa petroli na dizeli shauri lilikuwa jema: aendeshaye sana alipe sana, na gari lililolala gereji lisidaiwe. Lakini mafuta ya taa nayo yalitoka shilingi 425 yakafika 465. Hoja ilikuwa ni ile ile ya kuchanganya, kwamba tofauti isirudi. Hata hivyo, tazameni matokeo yake. Bibi kizee asiyekuwa na baiskeli alisaidia kulipa ada ya gari la mtu asiyemjua. Tukirudi kwenye mfano wetu, hiyo ni hongo kabisa, tena alipa asiyesafiri.

Ili tuwe waadilifu, tutaje na nauli ya kweli. Mwaka 2015 ile tozo ya umeme wa vijijini ilipandishwa: kwa petroli na dizeli kutoka shilingi 50 hata 100 kwa lita, na kwa mafuta ya taa kutoka 50 hata 150. Tena mafuta ya taa yalizidishiwa, nasi hatukulipenda hilo. Lakini fedha zile zilikuwa na njia yake: nguzo na nyaya za vijijini. Watu wengi wa vijiji vya mkoa huu waliounganishiwa umeme kwa shilingi 27,000, ambayo haifiki hata robo ya gharama yenyewe, walifadhiliwa na lita zilizounguzwa na wengine, na pengine na lita zao wenyewe za miaka ya nyuma. Koroboi ilikuwa ikimlipia mrithi wake. Ushuru wa namna hii, hata ukiwa mzito, mtu akielezwa huuvumilia, kwa sababu mtumbwi auona.

Tuje sasa kwenye petroli na dizeli. Wako wataalamu waliochunguza jambo hili katika nchi nyingi, na Tanzania na Kenya zimo; Bwana Thomas Sterner wa Sweden alikusanya kazi zao katika kitabu kilichotolewa mwaka 2012, kiitwacho Fuel Taxes and the Poor. Walichokiona katika nchi nyingi maskini ni kwamba ushuru wa petroli huwaangukia zaidi wenye mali, maana wao ndio wenye magari. Ushuru wa mafuta ya taa ni kinyume. Jambo hili laafikiana na akili. Mwenye gari kubwa jipya hutia lita sitini. Mwenye kupanda bodaboda kutoka Buzebazeba mpaka stesheni ya Kigoma hutumia petroli isiyojaza kikombe cha chai. Kwa hiyo mtu akisema, "Futeni ushuru wote wa petroli ili kumsaidia maskini," mjue kwamba kwa kila shilingi moja imfikiayo maskini, nyingi zaidi zitabaki kwa mwenye gari. Tena Serikali ikikosa fedha hizo hapa haitaacha kuzitafuta, itazitafuta katika sukari, sabuni, au miamala ya simu.

Wala bei ya chini si dawa peke yake. Tazameni ng'ambo ya mpaka, Burundi, nchi tufanyayo biashara nayo. Huko Serikali huweka bei ya mafuta kwa amri, na katika miaka hii ya tangu 2022 bei ya amri imekuwa nafuu kuliko ile ya magendo mara kadha. Lakini fedha za kigeni za kununulia mafuta zilikosekana, vituo vikakauka, magari yakalala foleni siku nyingi, na mwenye haraka akanunua kwa magendo katika madumu. Mtu wa kawaida hali bei iliyoandikwa ubaoni. Hutumia mafuta yaliyomo katika pampu.

Pamoja na hayo yote, sisi watu wa ziwani tuna dai letu, nalo twaona ni la haki. Tozo ya barabara ilipandishwa mwaka 2013 kutoka shilingi 200 hata 263 kwa lita, na mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100, zikaelekezwa kwa TARURA kwa barabara za vijijini na mitaani. Ni nauli njema kwa mwenye pikipiki, mwenye basi na abiria wake. Lakini mvuvi hununua petroli hiyo hiyo kituoni, aitia katika dumu, aichukua mpaka mwaloni, aitia katika injini ya mtumbwi, kisha aiunguza majini usiku kucha. Amelipa tozo ya barabara, na ziwani hapana lami. Vivyo hivyo boti zipelekazo watu na mizigo vijiji vya kusini na kaskazini, ambako barabara haijafika. Watu hao hulipia barabara ya wengine, na yao wenyewe ni mawimbi.

Afrika Kusini waliliona jambo hili, wakaweka utaratibu wa kumrudishia mvuvi na mkulima sehemu ya ushuru wa dizeli aliyoitumia nje ya barabara. Twasifu nia hiyo. Lakini hatuwashauri mwuombe utaratibu huo kama ulivyo. Wataka vitabu, stakabadhi na ukaguzi. Utamfaa mwenye meli, na mvuvi mdogo wa mitumbwi ataishia kuuza haki yake kwa mjanja mmoja mwenye kalamu. Zaidi ya hayo, petroli ya bei mbili katika mji mmoja itaturudisha kule kule kwenye uchakachuaji, maana dumu halisemi limetoka wapi wala laenda wapi.

Tuonavyo sisi, kilicho karibu na uwezo wetu ni hiki. Mvuvi hawezi kurudishiwa shilingi zake moja moja, lakini aweza kurudishiwa barabara. Dagaa zikitoka majini hazina budi kupanda gari, na njia za kutoka mialoni mpaka barabara kuu, wakati wa masika, mwazijua. Basi wenyeviti, mpangapo mambo katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, andikeni njia za mialo katika orodha ya maombi yapelekwayo TARURA kupitia Halmashauri, tena andikeni sababu: kwamba vyombo vya ziwa hili hulipa tozo kwa kila lita, na hawajapata sehemu yao. Msiandike kwa kulalamika. Hesabuni vyombo vilivyopo mwaloni, ulizeni kila kimoja chatumia madumu mangapi kwa juma, zidisheni. Walimu mnaweza kuwasaidia katika hesabu hiyo. Ni zoezi zuri hata kwa watoto wa darasa la sita. Mkubwa wa ofisi akionyeshwa tarakimu hana pa kukimbilia kama anavyoonyeshwa manung'uniko.

Neno jingine dogo kwa wanunuzi. Bei ya mwisho ya kila mji hutangazwa, nayo ni kikomo: muuzaji aweza kuuza chini yake, haruhusiwi kuuza juu yake. Kila kituo yampasa kuweka bei ubaoni mahali paonekanapo, na kutoa stakabadhi. Mwanafunzi mmoja wa nyumba yenu akiandika bei ya kila mwezi katika daftari, baada ya mwaka mtakuwa na habari ambayo hata wauzaji wengine hawana, na mtajua mwezi ambao bei ilipanda kwa sababu ya dunia, na ule iliopanda kwa sababu ya Bunge.

Kuhusu mafuta ya taa yenyewe, wako watu ambao bado hawajavuka. Nyumba isiyo na umeme wala taa ya jua ndiyo nyumba maskini kuliko zote katika mtaa, na ndiyo ilipayo ushuru mkubwa kuliko wote kwa mwanga mdogo kuliko wote. Kila mwenyekiti azijua nyumba hizo katika mtaa wake, hazitakuwa nyingi. Taa moja ya jua ya kumtosha mwanafunzi kusomea leo hununuliwa kwa bei ya kuku mmoja au wawili, na mtaa ukichanga, nyumba kumi zaweza kuwashwa kabla ya masika. Hiyo haihitaji Bunge.

Tumesema ya kutosha. Mzee mmoja alikuwa ameinua mkono tangu tulipotaja habari ya karabai, nasi tukamwomba asubiri. Mzee, karibu, uliza.